NYUMBA NA KIWANJA CHAKE: Nyasi Zilipokufa Katika Udongo Mfinyanzi

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Methali hiyo aghalabu hutumiwa kuonya juu ya malezi ya watoto, lakini yafaa vile vile kwa kiwanja kilicho mbele ya nyumba. Doa moja la nyasi zilizogeuka manjano halimtishi mtu. Mvua mbili tatu baadaye doa hilo huwa dimbwi, na dimbwi likikaa huleta mbu, matope sebuleni na ugomvi na jirani. Hayo ndiyo yaliyompata Sajini mmoja wa Polisi aliyekuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Nyumba yake aliijenga kwa akiba ya miaka mingi, chini ya kilima kimoja kisicho mbali na barabara iendayo Entebbe kutoka Kampala.

Mbele ya baraza ya nyumba hiyo palibaki kiwanja chenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Sajini alitaka pawe na nyasi. Binti yake mkubwa alikuwa amepata mchumba, na wakwe walitazamiwa kuja mwezi wa Desemba wa mwaka uliofuata kwa sherehe ya utambulisho, ile ambayo Waganda huiita kwanjula. Basi mwezi wa Agosti alinunua lori zima la mabonge ya nyasi, akaajiri vijana wawili, nao wakayapanga kwa siku moja. Jioni ile kiwanja kilikuwa kijani kibichi, na watoto wakakatazwa kukikanyaga.

Furaha hiyo haikudumu. Mvua za Septemba zilipoanza, maji yalisimama juu ya nyasi tangu asubuhi hata jioni, na kesho yake yakawa bado yapo. Kufikia Novemba nyasi zilikuwa za manjano, na mtu akizivuta kwa vidole viwili ziliinuka pamoja na mizizi yake kama mkeka uliooza. Katika nyayo za watoto na za mbuzi wa jirani palikuwa na vidimbwi vidogo vyenye viluwiluwi vya mbu. Mtoto wa mwisho alishikwa na malaria mara mbili katika msimu huo mmoja. Kisha jua la Januari likatoka, na pale pale palipokuwa na matope udongo ukapasuka nyufa ambazo kidole cha mtu mzima kingeweza kuzama.

Hapo ndipo mazungumzo magumu yalipoanza ndani ya nyumba.

"Mama watoto," Sajini alisema, "nitachukua mkopo mdogo katika chama chetu cha akiba, tununue nyasi nyingine. Wakwe hawawezi kukaa matopeni."

"Baba watoto," mkewe akamjibu, "mkopo huo utalipwa kwa karo ya nani? Nyasi zile za kwanza hatujui hata zilikufa kwa nini. Tukinunua za pili bila kujua, nazo tutazizika pale pale."

Wengine walimshauri Sajini amwage saruji juu ya kiwanja chote, jambo limalizike. Lakini jirani wa upande wa chini alikuwa amekwisha lalamika mara mbili kwamba maji ya Sajini yanaingia jikoni kwake. Saruji isingeyapunguza maji hayo. Ingeyafanya yaende kwa kasi zaidi. Kwa sababu hiyo mama mwenye nyumba alipanda kilimani kumwita mzee mmoja aliyekuwa ametunza viwanja vya nyasi kwa muda mrefu wa maisha yake. Mzee huyo alikuja na jembe moja na chupa tupu, bila kitu kingine.

KUCHIMBA KABLA YA KUNUNUA

Mzee hakuzitazama nyasi. Alichimba shimo la kina cha sentimita 40 katikati ya kiwanja, akamwita Sajini aangalie ukuta wa shimo hilo. Juu palikuwa na udongo mwekundu wa kununua, sentimita 5 tu. Chini yake palikuwa na udongo wa kijivu, mzito, unaong'aa palipopita jembe, nao ulitoa harufu ya kinamasi. Ndani yake mlikuwa na vipande vya matofali na madonge ya saruji iliyoganda. Mizizi ya nyasi ilikuwa yote katika zile sentimita 5 za juu. Ilipofika kwenye udongo wa kijivu ilikuwa imegeuka na kwenda kando.

"Afande," mzee alisema, "nyasi zako hazikufa kwa ugonjwa wala kwa kiu. Zilikufa kwa kukosa pumzi."

Maneno hayo yana maana yake. Udongo mfinyanzi umefanyika kwa chembe ndogo mno, zisizofika hata sehemu 2 za elfu moja za milimita. Punje kubwa ya mchanga hufika milimita 2, yaani ni kubwa mara elfu moja au zaidi kuliko chembe ya mfinyanzi. Kwa sababu chembe hizo ni ndogo, nafasi zilizo baina yao ni ndogo pia. Maji yakiingia hutoka polepole sana, na wakati yamo hewa haipati mahali. Mzizi wa nyasi huvuta hewa kama kiumbe chochote. Ukikaa majini siku nyingi huoza. Tena udongo huo ukikauka hunywea na kupasuka, nayo mizizi iliyobaki hukatika.

Hata hivyo mfinyanzi si adui. Hushika chakula cha mimea kuliko mchanga, na ukitengenezwa vizuri hushika unyevu wakati wa kiangazi. Kampuni ya Uganda Clays, iliyoanzishwa mwaka 1950, hufinyanga vigae na matofali ya kuchoma huko Kajjansi kwa udongo wa aina hiyo. Sajini alikuwa akijaribu kuotesha nyasi katika kitu ambacho wengine hukifanya kigae. Hapana budi kwanza kukibadili.

MAJARIBIO MATATU YASIYOGHARIMU FEDHA

Mzee aliwafundisha wenye nyumba majaribio matatu, ambayo familia yoyote yaweza kuyafanya kabla ya kutoa hata senti moja.

La kwanza ni la mkono. Chukua udongo kiasi cha yai, uloweshe kidogo, uukande, kisha uuvingirishe kama kamba nyembamba. Udongo wa kichanga haukubali kuvingirishwa. Udongo tifutifu huvingirika lakini hukatika ukikunjwa. Udongo ule wa Sajini ulikunjwa ukawa pete kamili wala haukupasuka. Huo ndio mfinyanzi mzito.

La pili ni la chupa. Tia udongo hadi theluthi moja ya chupa angavu, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha uiache mahali isipoguswa. Mchanga hutua chini kwa muda wa dakika moja hivi. Chembe za kati huchukua saa kadhaa. Mfinyanzi hubaki ukiyachafua maji siku nzima au zaidi. Kesho yake tabaka huonekana wazi, na mtu hujua ana nini zaidi.

La tatu ni la shimo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, uyaache yazame. Lijaze tena, kisha pima kwa kijiti maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka sentimita 2 na nusu au zaidi, udongo unapitisha maji vya kutosha. Katika kiwanja cha Sajini maji ya mara ya pili yalikuwa hayajashuka hata kwa upana wa kidole baada ya saa nzima.

ADUI WANNE WA KIWANJA KIMOJA

Baada ya majaribio hayo mzee aliyataja makosa manne, na kila moja lilikuwa la mkono wa mtu.

Kosa la kwanza lilikuwa paa. Nyumba ile haikuwa na mfereji wa paa upande wa mbele. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa linalomimina upande huo lilikuwa na mita za mraba 80. Basi mvua moja nzuri ya milimita 20 iliangusha lita 1,600, sawa na mapipa 8 ya lita 200, juu ya mstari mmoja mwembamba mbele ya baraza. Hakuna nyasi duniani zitakazostahimili hayo juu ya mfinyanzi.

Kosa la pili lilikuwa la wajenzi. Walipochimba msingi waliutoa udongo wa chini kabisa, ule wa kijivu usio na uhai, wakautandaza juu ya udongo mzuri wa zamani. Aghalabu mwenye nyumba huona wamemfanyia hisani kwa kusawazisha kiwanja, kumbe wamekizika.

Kosa la tatu lilikuwa kule kuweka tabaka jembamba la udongo wa kununua juu ya mfinyanzi uliokazana. Maji hushuka upesi katika tabaka la juu, yanapofika chini husimama kama katika sahani. Mizizi nayo hukaa katika sahani hiyo.

Kosa la nne lilikuwa uzito. Malori ya matofali, mchanga na mabati yalikuwa yamepita na kugeuza hapo kwa miezi mingi, tena wakati wa mvua. Mfinyanzi mbichi ukikanyagwa hufunga vinyweleo vyake vyote. Askari ajuaye uwanja wa gwaride ataelewa: palipopigwa hatua kila siku hapaoti kitu.

KAZI YENYEWE, MWEZI BAADA YA MWEZI

Sajini alipotajiwa makosa hayo aliuliza kama yote yangeweza kurekebishwa kabla ya Desemba bila mkopo. Mzee alijibu kwamba yanaweza, iwapo hakuna atakayeharakisha. Kazi ikapangwa kwa siku zile Sajini alizokuwa na zamu ya mapumziko, watoto wakisaidia Jumamosi.

Mwezi wa Januari walianza na maji, kwani asiyeyatoa maji kwanza apoteza kazi yote ifuatayo. Mfereji wa bati ulipigwa kwenye ukingo wa paa na kuelekezwa katika mapipa yenye mifuniko na wavu wa kuzuia mbu. Maji yanayozidi yaliongozwa kwa bomba hadi kwenye mtaro. Mtaro huo ulichimbwa upande wa chini wa kiwanja, sambamba na ua, urefu wa mita 10, upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 50, nao uliinamishwa sentimita 1 kwa kila mita ili maji yasilale. Ulijazwa mawe na vile vipande vya matofali vilivyochimbuliwa, ukaishia kwenye mfereji wa barabara baada ya kupata ruhusa ya wenye mamlaka wa mtaa. Jirani wa chini alipoona mtaro unachimbwa alikuja na koleo lake mwenyewe.

Udongo wa kijivu uliotoka mtaroni haukutandazwa tena kiwanjani, wala haukutupwa bondeni. Wengi hutupa udongo katika kinamasi kilicho karibu wakidhani ni ardhi isiyo na kazi. Vinamasi huyapokea maji ya mvua na kuyasafisha kabla hayajafika ziwani, na Sheria ya Mazingira ya Uganda ya mwaka 2019 inavilinda. Udongo wa Sajini ulichukuliwa na mtu aliyekuwa akifyatua matofali.

Mwezi wa Februari palinyesha mvua ndogo, na mzee akasema wakati wa kulima umefika. Siri ya mfinyanzi ni kujua siku yake. Ukilimwa ukiwa mbichi hutoka madonge ambayo yakikauka huwa mawe; ukilimwa ukiwa mkavu huvunja jembe. Namna ya kuijua siku ni kushika udongo kiganjani na kuuminya uwe donge, kisha kuliangusha donge hilo kutoka kimo cha kiuno. Likimeguka vipande, lima. Likibaki zima kama andazi, rudi ndani ungoje.

Nyasi zilizokuwa bado hai kando kando zilitolewa kwa uangalifu, zikahifadhiwa kivulini juu ya magunia yaliyoloweshwa. Kiwanja kikalimwa kwa jembe la meno hadi kina cha sentimita 20. Meno hupasua udongo, lakini jembe bapa huukata na kuupaka kama plasta. Sangari, magugu ambayo Waganda huyaita lumbugu, yalifuatwa kwa mkono mzizi hata mzizi, maana kila kipande kinachokatwa na kuachwa ardhini huota upya.

Kisha ikaja mboji. Hiyo ndiyo dawa halisi ya udongo mfinyanzi. Mboji na samadi iliyooza huzigandamanisha zile chembe ndogo ziwe punje kubwa, na baina ya punje hizo maji na hewa hupata njia. Vile vile huwaita nyungunyungu, ambao hutoboa udongo usiku na mchana bila kudai mshahara. Tabaka la sentimita 5 lilihitajika juu ya mita za mraba 60. Hesabu yake ni mita 3 za ujazo, sawa na matoroli 50 ya lita 60. Mama mwenye nyumba alipata samadi ya zamani kwa wafugaji wa ng'ombe, na makapi ya kahawa yaliyokuwa yameoza tangu msimu uliotangulia. Alilipa usafiri na kitu kidogo juu yake. Samadi mbichi haifai, kwa sababu huunguza mizizi. Makapi mabichi nayo hula chakula cha nyasi wakati yanapooza.

Mboji ilipochanganywa na udongo hadi kina kile kile cha sentimita 20, kiwanja kilisawazishwa kwa reki. Kusawazisha si kufanya pawe bapa kama meza. Kiwanja juu ya mfinyanzi hakina budi kuinama sentimita 2 kwa kila mita kutoka nyumbani. Kwa upana wa mita 6 tofauti ni sentimita 12, ambayo jicho halioni lakini maji huiona. Walitumia kamba, vigingi viwili na pimamaji ya fundi mwashi. Aidha waliangalia udongo ubaki chini ya usawa wa sakafu kwa sentimita 15, usije ukaleta unyevu ukutani.

JUU YA MCHANGA

Katika siku hizo rafiki mmoja wa Sajini alijitolea kuleta lori la mchanga wa ziwani ili kuulainisha udongo. Mzee aliukataa mchanga huo, na baadhi ya watu waliona ni ukaidi wa uzee. Lakini hoja yake ni sahihi. Mchanga kidogo ukitiwa katika mfinyanzi mwingi, chembe za mfinyanzi huzijaza nafasi zote zilizo baina ya punje za mchanga, na mchanganyiko ukikauka huwa mgumu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Mjenzi wa matofali hufanya hivyo makusudi. Ili mchanga ufae, ungehitajika uwe zaidi ya nusu ya udongo wote, yaani malori si lori. Fedha hiyo ni afadhali iende kwenye samadi.

KUPANDA NA KUNGOJA

Mvua za Machi ziliposhika, wakapanda. Hawakununua lori la pili. Walichagua pasipalamu, nyasi ambazo huonekana katika viwanja vingi vya Uganda, kwa kuwa hustahimili udongo hafifu na kukanyagwa. Chini ya mwembe, palipokuwa na kivuli na unyevu, waliweka nyasi za jani pana zitambaazo. Askari aishiye nyanda za juu zenye baridi, kama vile Kabale, anaweza kutumia nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Nyasi zilizohifadhiwa zilipasuliwa vichipukizi vidogo, kila kimoja na mizizi yake, vikapandwa kwa umbali wa sentimita 20 kila upande. Kwa hesabu hiyo mita moja ya mraba huchukua vichipukizi 25, na kiwanja chote vichipukizi 1,500. Vilivyopungua waliombwa majirani waliokuwa wakipunguza kingo za viwanja vyao. Watoto walipiga mistari kwa kamba, wakapanda kama kikosi kinachojipanga, nao walimaliza kwa Jumamosi mbili.

Kwa mwezi mmoja kiwanja kilikuwa cha kuaibisha. Palionekana udongo mwingi na nyasi chache, na wapita njia walicheka. Sajini mwenyewe, usiku mmoja baada ya kutoka zamu, alimwambia mkewe kwamba bado mkopo unaweza kupatikana. Mkewe alichukua tochi akampeleka nje. Ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Aliweka mguu kiwanjani, akauinua, akamulika. Nyayo ilikuwa pale, lakini haikuwa na maji ndani. Sajini hakuutaja mkopo tena.

Katika kipindi hicho cha kungoja, kazi ilikuwa kung'oa magugu kwa mkono, kumwagilia siku zilizopita bila mvua, na kuzuia miguu. Mahali ambapo watu hupita kila siku, kutoka langoni hadi barazani, yalipangwa mawe bapa ya kukanyagia. Nyasi haziwezi kushindana na njia. Ni heri kuipa njia haki yake.

Zilipofika kimo cha sentimita 8 zilikatwa kwa mara ya kwanza. Hapa wengi huharibu. Fyekeo likiwa mkononi mwa kijana mwenye nguvu, nyasi hunyolewa hadi udongo uonekane, na udongo ukionekana jua huupasua na magugu huingia. Kanuni ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya kimo kwa mara moja, na kuziacha nyasi ziwe na sentimita 5 au 6. Mzizi hufuata jani: jani fupi, mzizi mfupi. Wala zisikatwe udongo ukiwa mbichi.

Kufikia Agosti nyasi zilikuwa zimeshikana. Mwanzoni mwa Septemba, udongo ukiwa na unyevu kiasi, walikitoboa kiwanja chote kwa uma wa bustani, kina cha sentimita 10, tundu hadi tundu upana wa kiganja. Kisha walinyunyiza mboji iliyochekechwa, unene wa nusu sentimita, matoroli 5 kwa jumla, wakaifagia iingie katika matundu. Kazi hiyo ya mwisho hupaswa kurudiwa kila mwaka, maana mfinyanzi husahau upesi. Ukiachwa miaka miwili mitatu hufunga tena kama zamani.

KWA WALIO KAMBINI

Huenda askari aishiye katika nyumba ya serikali akasema kwamba kiwanja si chake, na uhamisho waweza kumfika kabla nyasi hazijaota. Lakini mbu hawaulizi hati ya nyumba. Mbu aenezaye malaria hupenda vidimbwi vidogo vyenye jua, hata nyayo ya ng'ombe humtosha, na yai lake huweza kuwa mbu kamili kwa juma moja hadi mawili. Kuondoa maji yaliyosimama mbele ya mlango ni kumlinda mtoto wa leo, na mtoto wa askari atakayehamia kesho. Familia kumi za safu moja zikishirikiana, mtaro mmoja wazitosha zote. Ila kabla ya kuchimba ni lazima kumwona mkuu anayesimamia nyumba, kwa kuwa chini ya ardhi ya kambi hupita mabomba ya maji na nyaya za umeme.

Walio kaskazini wakumbuke kwamba mvua zao ni za msimu mmoja mrefu, kama Aprili hadi Oktoba. Kwao kulima ni Machi mwishoni na kupanda ni Mei. Walio Karamoja, penye udongo mweusi unaopasuka sana, wazidi katika mboji na mtaro, wala wasiuguse udongo huo siku ya mvua.

DESEMBA ILIPOWADIA

Usiku wa kuamkia siku ya utambulisho mvua kubwa ilinyesha. Sajini hakulala vizuri. Alfajiri alitoka na kukuta mapipa yote yamejaa na mtaro ukitoa sauti chini ya mawe. Nyasi zilikuwa na umande na mvua, lakini hapakuwa na dimbwi. Saa nne mahema yalisimamishwa, na saa saba wakwe walipokaa, miguu ya viti haikuzama. Bibi mmoja wa upande wa wakwe alivua viatu vyake akavikalia kando, akasema nyasi hizo ni za kukanyagwa kwa unyayo.

Si kila kitu kilikuwa kamili. Pembe moja karibu na lango, ambapo gari hugeuza, ilibaki na upara, na mwezi wa Januari ilimwagiwa moramu ili pasisumbuliwe tena. Lakini mtoto wa mwisho alikuwa amepita misimu miwili ya mvua bila homa, naye aliendelea kulala ndani ya chandarua kama kawaida. Karo ya muhula wa kwanza ililipwa kwa wakati. Gharama yote ilikuwa mfereji wa bati, bomba, mapipa na usafiri wa samadi, na mama mwenye nyumba aliyaandika hayo katika daftari lake la matumizi, mstari kwa mstari.

Mzee wa kilimani alialikwa kwenye sherehe akaketi mbele pamoja na wazee wa ukoo. Alipoondoka jioni alikuta lile shimo la kwanza, la sentimita 40, ambalo wenye nyumba walilifukia mwisho kabisa. Aliligusa kwa fimbo yake pale lilipokuwa. Fimbo iliingia hadi shubiri moja bila kusukumwa. Akaitoa, akaipangusa, akaenda zake.